Kaunti 32 Kwenye Fifth Avenue

New York mwezi wa Machi, jua linawaka na baridi inakutoboa vilevile. Mimi na binamu yangu anayeishi Bronx tulifika Fifth Avenue kabla ya saa tano asubuhi kuona gwaride la Waayalandi, tukakuta vizuizi vya chuma vimeshapangwa na watu wamejaa pomoni. Kahawa mbili na mikate miwili: dola 26! Kwa hela hiyo, Kitui ningelisha nyumba nzima chakula cha mchana. Choo nacho, bila kununua kitu hufunguliwi mlango.

Gwaride hilo la Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi, lilianza hapa mwaka 1762, Marekani ingali koloni la Mwingereza. Halina magari ya mapambo. Watu hutembea kwa miguu yao kutoka mtaa wa 44 hadi wa 79, wakipita mbele ya kanisa kuu la mtakatifu huyo. Kikosi cha 69 cha jeshi hutangulia, pamoja na mbwa wakubwa wa Kiayalandi. Wazimamoto walibeba bendera 343, moja kwa kila mwenzao aliyekufa tarehe 11 Septemba 2001. Bagipaipu, zile zumari za mfuko, zikilia karibu, kifua kizima kinatetemeka.

Lakini kilichonishika ni kaunti. Ayalandi ina kaunti 32 za jadi, na kila moja ina chama chake New York. Bango kubwa linabebwa mbele, jina la kaunti limeandikwa waziwazi, na nyuma yake wazee waliovaa mshipi begani, akina mama, watoto waliozaliwa hukuhuku. Mama mmoja wa makamo kando yangu, mzaliwa wa kaunti ya Mayo, alinieleza kwamba zamani mgeni akishuka melini alitafuta kwanza watu wa kaunti yake. Hao ndio waliompa pa kulala, wakamtafutia kazi, na akifa wakamzika.

Tukaongea juu ya njaa. Ile ya Ayalandi iliyoanza mwaka 1845, baada ya viazi kuoza mashambani, iliua watu kama milioni moja na kuwafukuza wengine kama hao kwao. Nikamwambia sisi Wakamba njaa zetu tunazipa majina, na kwamba Ngomanisye, ya mwishoni mwa karne ya 19, bado wazee wanaitaja. Akanishika mkono, akakaa nao.

Likaja bango la Wicklow. Kijiji cha Kiltegan kiko Wicklow, na Kiltegan ndiko yalipo makao ya mapadri waliokuja Kitui na Turkana. Mmoja wao ndiye aliyenibatiza. Nikapaza sauti: "Kiltegan!" Mzee mmoja wa kofia akatoka mstarini, akaja hadi kwenye kizuizi. Nilipomwambia natoka Kitui aliuliza kama mvua imenyesha. Hakuuliza wanyama, hakuuliza vita. Aliuliza mvua, kama mtu wa nyumbani. Kabla sijamaliza kumjibu, msimamizi akamwita, akakimbia kuwafuata wenzake.

Binamu alitaka tuondoke kwa sababu ya baridi. Nikakataa mpaka bango la mwisho lipite. Njiani kuelekea treni nikamuuliza kuhusu chama chao cha Wakamba, kile kinachochangisha nauli ya kurudisha maiti nyumbani. Orodha ya wanachama wanayo, mweka hazina wanaye, vikao wanafanya kila mwezi. Nilimwambia watengeneze bango, na gharama ya kitambaa nitalipa mimi.