Nembo ya bibi katika maji ya moto ya Japani

Aliponiona mkono, mhudumu wa onsen, bafu la umma la maji ya moto ya ardhini, hakusema neno. Alipishanisha mikono yake kifuani ikafanya alama ya X, akainama, kisha akanionyesha kibao ukutani: wenye tatuu hawaingii. Nilikuwa nimeshavua viatu, nimeshalipa, taulo ndogo ipo begani. Akanirudishia hela yangu kwa mikono miwili na kuniomba radhi mara tatu, mpaka nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza. Hiyo ilikuwa wiki yangu ya sita Japani. Wenzangu wa kazini waliingia, nami nikakaa nje kwenye benchi nikiwasubiri saa nzima.

Kilichopo mkononi mwangu ni tatuu ya nembo, alama za chale za kimila. Bibi mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala, wa kizazi kile ambacho nyuso zilichanjwa kwa kisu, vidonda vikasuguliwa mkaa wa mbarika, kisha mtu anakaa juani mpaka vikauke. Mistari yake ilipanda shavuni pembe juu ya pembe, mfano wa mapaa ya nyumba zilizopangana mlimani. Alipofariki nilikwenda kwa mchoraji mmoja Dar es Salaam na picha yake, nikamwambia anichoree safu tatu tu za shavu la kulia. Kila nikinawa mikono namwona.

Wanaotoka nyumbani huniuliza: ni ubaguzi? Kwa hili nawajibu hapana. Dada mmoja Mjapani tunayefanya naye kazi ana kipepeo begani, si kikubwa kuliko sarafu, na tangu akichore hajakanyaga onsen. Siku ile alisingizia mafua. Alikuja kuniambia ukweli miezi mingi baadaye, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetubu.

Woga huu una mizizi mirefu. Kuanzia 1720 utawala wa Edo, wa majemadari waliotawala Japani zamani, uliwachora wahalifu mikononi au usoni ili mwizi ajulikane popote aendako. Adhabu hiyo ilifutwa 1870. Miaka miwili baadaye serikali mpya ya mfalme Meiji ikapiga marufuku kuchora mwili kabisa, isije Ulaya ikawaona washenzi, na marufuku ikadumu hadi 1948. Halafu wakaja yakuza, magenge ya wahalifu yenye michoro mgongo mzima hadi mapajani. Mwenye bafu anaogopa kumwambia mtu usoni, "Wewe ni yakuza, toka." Kuandika kwamba wenye tatuu hawaruhusiwi ni rahisi zaidi. Shirika la Utalii la Japani lilipoziuliza hoteli na nyumba za wageni zenye mabafu mwaka 2015, asilimia 56 hivi zilijibu kuwa zinakataa, na asilimia 13 kwamba zinakubali ukifunika.

Kufunika nimejaribu. Stika zinauzwa madukani, nyembamba, za "rangi ya ngozi". Rangi ya ngozi ya nani? Niliibandika chumbani kwangu, nikasimama mbele ya kioo. Juu ya mkono wangu mweusi ilikaa kama plasta ya hospitali, inaita macho kuliko nembo yenyewe. Niliibandua polepole, na kusema kweli nililia. Niliona nimembandika bibi usoni ili wasimwone.

Mwaka 2013 mwanamke Mmaori, wa wenyeji wa asili wa New Zealand, alikataliwa katika bafu moja huko Hokkaido kwa sababu ya mchoro wa kimila usoni mwake. Alikuwa amekuja kwenye mkutano kuhusu lugha ya Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho. Wanawake wa Kiainu nao walikuwa wakichorwa kuzunguka midomo, hadi serikali ilipokataza mwaka 1871. Niliposoma habari ile nilimfikiria bibi. Uso haufunikwi kwa stika. Angefika mlangoni pale na heshima yake yote ya uzee, akaonyeshwa X.

Sisemi kwetu tumepona ugonjwa huu. Matangazo ya kuajiri polisi Tanzania hutaka mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini, na wazee wengi wakiona tatuu kwa binti wanamaliza hesabu papo hapo. Ninachokataa, huku na kule, ni kila mchoro kubebeshwa kosa la mtu mwingine.

Mwaka mpya nilikwenda Beppu, katika kisiwa cha Kyushu, mji ambao mvuke unatoka hata kwenye mitaro ya barabarani. Nilikwenda Takegawara, bafu la mji lililoanzishwa 1879, jengo la mbao lenye paa zito. Wenye tatuu wanaingia. Nilikaa kwenye kigoda, nikajisugua na kujimwagia maji kwa ndoo ndogo kama inavyotakiwa, taulo nikaiweka kichwani, nikaingia. Maji yale ni moto kweli kweli. Unaingia kidole kwa kidole.

Bibi mmoja wa pale, mgongo umeinama, alinisogelea. Akaushika mkono wangu akautoa majini, akausogeza karibu na macho maana hakuwa na miwani na mvuke ulikuwa mzito. Akafuata mistari kwa kidole: mmoja, wa pili, wa tatu.

"Iliuma?"

"Yangu kidogo. Yeye alichanjwa kwa kisu, akiwa binti mdogo."

"Yeye nani?"

"Bibi yangu. Huu ni uso wake."

Hakuuachia mkono. Akaniuliza jina la bibi, nikamtajia. Akalirudia mara mbili, la pili karibu alipatie kabisa. Kisha akanitazama usoni na kuniambia nitoke kwanza nikapumzike ukingoni, maji haya si ya kukaa sana kwa mtu asiyeyazoea.