Viazi Vilivyokula Fyuzi

Tulitoka Nakuru saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Shangazi, ndani ya Beetle ya mwaka 1973 niliyoachiwa na marehemu baba. Kufika Salgaa, kioo cha nyuma kilikuwa hakionyeshi malori tena, ni moshi mweusi tu. Injini ilikohoa kila nilipoachilia mafuta, na harufu ya petroli ikamfanya Shangazi afunike pua kwa leso.

Choki, kilango kinachopunguza hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi, kwenye gari hili hufunguliwa na umeme, hivyo akili yangu ilikimbilia fyuzi. Ziko kumi na mbili chini ya dashibodi, vijipande vya kauri vyenye ukanda wa chuma, nyeupe za ampea 8 na nyekundu za 16. Ncha zake hushika kutu, na mara nyingi ukizizungusha kwa vidole umeme hurudi. Nilizungusha zote. Moshi haukujali.

Mau Summit Shangazi akanunua gunia la viazi. "Niende Kisumu mikono mitupu, mwanangu?" Buti la Beetle liko mbele, nikalisukuma humo hadi likakaa. Huko juu hewa ni nyembamba, na injini iliyokuwa tayari imelewa petroli ikazidi kulewa.

Karibu na Chepseon mvua ikatushika. Waipa zikapiga mara mbili, zikalala. Fyuzi imeungua. Nikaweka mpya, ikaungua. Ya tatu nayo. Nakiri nilianza kutafuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara niizungushie, ujinga mkubwa, kwa sababu fyuzi ikikataa kuungua, kinachoungua ni waya, kisha gari. Tukajikokota hadi Kericho, Shangazi akifuta kioo kupitia dirishani kwa leso ileile.

Fundi hakugusa fyuzi hata moja. Alifungua injini huko nyuma, akatoa chujio la hewa, akachungulia kabureta. Kilango cha choki kilikuwa kimefungwa, ilhali injini ilishapata joto.

"Bosi, choki ya hii haipitii kwenye fyuzi. Umeme wake unatoka kwa koili."

Ndani ya kikombe cha choki mna springi. Ukiwasha gari, umeme huipasha joto, na baada ya dakika chache kilango hufunguka chenyewe. Waya wake ulikuwa umechomoka, unaning'inia. Akaugusisha taa ya kupimia, ikawaka, akauchomeka. Tukasimama tukitazama kilango kikiinuka polepole kama mtu anayeamka kwa kulazimishwa. Moshi ukakata. Plagi nne zilikuwa masizi matupu, akazisugua kwa brashi ya waya.

Waipa ndizo zilizomchekesha. Kadibodi ya kukinga nyaya nyuma ya dashibodi, upande wa buti, ilipotea zamani, na gunia lilizibana hadi waya mmoja ukachubuka na kugusa bodi. Shoti.

"Mama, viazi vyako vinakula fyuzi."

Alipomaliza kufunga waya kwa tepu, nikalibeba gunia nilipeleke kiti cha nyuma. Akanizuia. Betri iko chini ya kiti hicho. Uzito ukikandamiza springi za kiti zikagusa vichwa vya betri, ni moto.

Shangazi akasogeza kiti chake nyuma, akaagiza viazi viwekwe miguuni pake. Tulipofika Ahero, joto limepanda na mashamba ya mpunga yametuzunguka, magoti yake yalikuwa bado karibu na kidevu. Nikamuuliza kama tupumzike.

"Endesha," akasema.