Mpera wa uani na jina la Pereira

Jana jioni rafiki yangu alipita nyumbani. Tulisoma naye hapa Mombasa. Yeye ni Mgoa, na ukoo wao ni Pereira. Alinikuta uani naangua mapera. Nikamkatia moja, lile lenye nyama nyekundu ndani, nikalinyunyizia chumvi na pilipili ya unga. Akatafuna kimya, kisha akasema, "Bibi yangu akiliita hili per." Kikonkani hicho, lugha ya Goa, kule India.

Usingizi ulichelewa kunijia. Kwa Kireno, pereira ni mti wa pea, lile tunda la nchi za baridi lenye shingo nyembamba, nalo tunda lenyewe huitwa pera. Neno hilo ndilo lililoshika pwani yetu na kule Goa, ila kwa tunda jingine kabisa lenye asili ya Amerika. Kumbe mpera wangu na jina la rafiki yangu vina shina moja! Nimemwita jina hilo tangu utotoni, huku mti wenyewe ukinidondoshea matunda mlangoni.

Kireno tunakisema kila siku: meza, leso, bendera, gereza. Lakini jina la rafiki yangu halikuletwa na wale Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kung'olewa humo 1698. Lilizunguka mbali. Ureno iliitwaa Goa mwaka 1510, na wenyeji walipobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi la padri au la msimamizi wao wa ubatizo. Mtu aliingia kanisani na jina la babu zake, akatoka Pereira. Hapo ndipo moyo unaponiuma, kwa sababu lile la kwanza mara nyingi lilisahaulika. Ndiyo maana akina Pereira wawili wanaweza kukutana wasiwe na tone la damu moja. Kuanzia karne ya 19 Wagoa walivuka bahari kuja Zanzibar na Mombasa, wakawa makarani, washonaji, wapishi, wapiga muziki.

Ureno kwenyewe jina ni la kale, lilianzia kwenye mahali palipoitwa hivyo. Nuno Álvares Pereira aliongoza jeshi la Ureno kushinda vita vya Aljubarrota mwaka 1385, na mwaka 2009 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu. Wapo wanaoshikilia kwamba kila Mreno mwenye jina la mti ana asili ya Kiyahudi. Sikubaliani nao: Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu mwaka 1497 walichukua majina ambayo Wakristo walikuwa nayo tayari, ya miti na yasiyo ya miti.

Leo Pereira ni kati ya majina yaliyoenea sana Ureno na Brazil. Rais wa kwanza wa Cape Verde alikuwa Aristides Pereira. Sri Lanka, ambako Wareno walifika 1505, limegeuka Perera, na huko wenye jina hilo ni wengi mno.

Asubuhi hii amenitumia ujumbe: anataka mche, akaupande kwa mama yake. Nimeng'oa mmoja ulioota kando ya karo, nikautia kwenye kopo la rangi na udongo wake. Una majani manne.