Nilivyofika Benidorm mara ya pili (ya kwanza niliishia uwanja wa ndege)

Naanza na shemeji yangu, maana bila yeye hii stori ingekuwa fupi. Mume wa dada yangu mkubwa huyu, ameishi Uingereza miaka mingi kuliko mimi na kila kitu anajua. Ukinunua gari anajua, ukiumwa jino anajua. Sasa mwaka 2023 tumekaa sebuleni kwake Leicester tunakula biriani, nikasema jamani nimechoka, nataka kwenda sehemu yenye bahari na shamrashamra, siyo bahari ya huku unaiangalia umevaa koti. Na sehemu nilishaichagua, Benidorm, Uhispania, kwa sababu kazini kwangu (nalea wazee, shifti za usiku) kila mzungu anayerudi likizo mwekundu kama kamba wa kuchemsha ukimuuliza alikuwa wapi, Benidorm. Shemeji akafuta mdomo akasema, "Nenda tu. Una kadi ya ukaazi wewe, Ulaya yote unapita. Mimi nimepita mara ngapi?"

Shemeji ana pasi ya Uingereza. Mimi nina ya Tanzania. Hilo yeye hakulitaja na mimi kwa ubwege wangu sikuliuliza.

Basi nikakata tiketi, ile ya bei rahisi isiyorudishwa hela hata ufe. Nikalipia hoteli. Nilikuwa na kofia ya ukili nimetoka nayo Tanga, pana kama ungo, haiingii kwenye begi, kwa hiyo nikaivaa. Picha yake hiyo: saa kumi na moja alfajiri, baridi, mvua ya manyunyu, mtu mzima kwenye basi la uwanja wa ndege na kofia ya pwani. Dereva akanitania, akaniambia nimsalimie jua.

Kaunta yule binti akaifungua pasi yangu ukurasa mmoja mmoja, akafika mwisho, akaanza tena kutoka nyuma, kama mtu anayetafuta noti aliyoificha mwenyewe. Viza iko wapi? Nikatoa kadi ya ukaazi kwa madaha kabisa, nikaiweka mezani hivi, tap. Akaiangalia, akanirudishia kwa upole ambao mpaka leo unaniuma kuliko angenifokea. Akasema hii inakurudisha Uingereza, haikuingizi Uhispania. Nikabisha. Ndiyo, nilibisha, nikamwambia shemeji yangu anapita kila mwaka. Watu nyuma yangu wanaguna. Mwishowe nikavuta begi langu nikarudi kituoni, na basi lililokuja, wallahi, dereva yule yule. Akaangalia kofia, akaniangalia mimi, akasema, "Umerudi mapema."

Hela iliyopotea pale ni kama paundi mia tatu na ushee, sitaki kupiga hesabu kamili. Shemeji nilipompigia akasema aah, basi watakuwa wamebadilisha sheria. Hakuna aliyebadilisha chochote! Uingereza haijawahi kuwa kwenye Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), hata zamani ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Pasi yetu ya Tanzania inataka viza, uwe unaishi Leicester au Lushoto.

Mwaka uliofuata nikaamua kuisimamia safari mwenyewe. Tukawa wanawake wanne: mimi, dada yangu (mke wa huyo huyo bingwa), wifi yangu, na shoga yangu wa Tanga tuliyekua naye Ngamiani. Kuanzia Januari kila mtu paundi arobaini kwa mwezi, mimi mweka hazina, na aliyechelewa namtaja kwenye grupu bila haya. Viza tulioihitaji ni mimi na shoga tu, wale wawili wana pasi za Uingereza. Viza nayo sina mengi: ombi linapokelewa miezi sita kabla ya safari na mwisho siku kumi na tano kabla, lakini ukisubiri hizo siku kumi na tano umekwisha, kwa sababu kazi siyo fomu, kazi ni kupata miadi. Nilikuwa nikitoka shifti alfajiri nafungua ukurasa kabla hata sijavua viatu, hamna, kesho tena hamna, siku ya tisa ikatokea nafasi Manchester nikaidaka. Barua ya mwajiri, karatasi za mshahara, bima ya euro 30,000 (usishtuke, hicho ndicho kiwango inachokulipia ukiumwa, bima yenyewe ni hela ya chipsi). Ada euro 90. Ilikuwa 80 mpaka Juni 2024, sisi miadi yetu ikawa Julai, bahati yetu hiyo.

Sasa wifi yangu. Muda wote huo sisi tunahangaika na mastetimenti ya benki, yeye anatuma emoji za kucheka. "Poleni wa bluu." Ati sisi wenye pasi nyekundu tunafunga mkoba tunaondoka. Kila siku. Mpaka siku moja mwezi wa nane nawaandikia bima ya pamoja, nikaomba kila mtu anitumie picha ya pasi. Ya wifi naiangalia, naiona imetolewa Agosti 2014 inaisha Mei 2025. Nikahesabu kwa vidole. Miaka kumi na miezi tisa. Pasi gani inaishi miaka kumi na miezi tisa? Kumbe zamani Waingereza ukienda kubadilisha pasi kabla haijaisha walikuongezea miezi iliyobaki kwenye mpya. Mpaka 2018 walikuwa wanafanya hivyo. Na Schengen wanataka pasi iwe imetolewa ndani ya miaka kumi siku unayoingia, na iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku unayotoka. Miezi mitatu anayo, tena zaidi. Lakini sisi tunaruka Oktoba, miaka kumi yake inatimia Agosti.

Mimi mtu wa Mungu ningempigia simu polepole nikamweleza. Sikufanya hivyo. Nilinyamaza siku nzima nikifurahia peke yangu, nikapika, nikaoga, nikala, halafu usiku nikaandika kwenye grupu: "Wifi, pasi yako haiingii Uhispania. Poleni wa nyekundu." Akabisha kama nilivyobisha mimi kaunta, maneno yale yale. Nikamwambia hata uwanja wa ndege utabisha hivyo hivyo, mimi najua mlango ulipo. Akabadilisha haraka, paundi themanini na kitu, wiki tatu hivi ikafika. Kelele za emoji zikaisha.

Hoteli ndiyo sehemu niliyoumiza kichwa kwa raha. Kila mtu ana ushauri. Wazungu wa kazini: kaa Rincón de Loix, karibu na mabaa ya Waingereza, huko ndiko kwenye burudani. Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe, kwa sababu burudani yake inaisha wakati wa kukamua ng'ombe. Mimi shamrashamra naipenda, ila nataka niifuate kwa miguu yangu halafu niiache nikalale. Nimelala mchana miaka sita, usiku wa kulala kwangu ni mali.

Nikagundua hivi. Maoni ya wateja wanaosifia hayana faida, wote wanasema pazuri, wahudumu wakarimu. Nenda kwa wale waliotoa nyota moja. Soma hasira zao. Usiangalie wamekasirika kiasi gani, angalia wamekasirikia nini. Kijana mmoja aliandika hoteli fulani ni balaa, lifti imejaa wazee wenye fimbo, muziki unazimwa saa tano, na kwenye bwawa kuna bibi alimkemea kwa kupiga kelele. Nikasoma mara mbili. Mwingine kalalamika eti kifungua kinywa kuna foleni ya wastaafu wa Kihispania saa mbili kamili asubuhi. Mwingine: "Nilihisi niko kwenye nyumba ya wazee." Nikabuku hapo hapo! Nyumba ya wazee mimi naifahamu, chakula kwa wakati, joto la kutosha, na saa nne usiku wote kimya. Shoga akaniuliza, yaani utoke kazini kwa wazee uende likizo kwa wazee? Nikamwambia hawa sitawavalisha soksi.

Na Oktoba ndiyo mwezi wao. Serikali ya Uhispania ina mpango wa kuwapeleka wastaafu likizo kwa bei nafuu msimu usio wa watalii, wanauita IMSERSO, ndiyo maana hoteli nyingi za Benidorm hazifungi majira ya baridi. Bei zimeshuka, familia zenye watoto wameshafungua shule, maji ya bahari bado yana joto la kiangazi. Agosti waachie wenyewe.

Begi: moja dogo la chini ya kiti kila mtu, hatukulipia la juu. Watu wanajaza taulo la pwani nusu ya begi. Sisi kanga. Doti moja, kipande unatandika mchangani, kipande unajifutia, dakika kumi limekauka, jioni unajitanda ukienda kula. Na hela ya siku naifunga pindoni kama bibi yangu, nani atakuja kukwapua pindo la kanga? Wifi aliyekuja na taulo alikuwa analibeba limelowa, zito kama maiti.

Ndege masaa mawili na nusu mpaka Alicante, kaunta safari hii viza ikaangaliwa sekunde tano. Nilitamani waikague zaidi. Kutoka uwanjani kuna basi la moja kwa moja mpaka Benidorm, euro kumi hivi, chini ya saa moja, teksi sijui ya nini. Unapoingia mji unauona kwa mbali, maghorofa yamesimama kama mtu kapanga sigara kwenye mchanga, moja la hoteli lina mita 186. Kulikuwa kijiji cha wavuvi pale. Mwaka 1956 wakapanga mji upya ndiyo ukaanza kwenda juu, na inasimuliwa kuwa meya wao wa wakati huo, Pedro Zaragoza, aliruhusu bikini kanisa likachachamaa, akapanda pikipiki ya Vespa mpaka Madrid kumwona Franco mwenyewe, dikteta wa nchi. Vespa! Mimi nimepanda bodaboda Tanga mpaka Muheza tu nikaugua mgongo.

Fukwe kubwa ni mbili, na mji wa kale upo juu ya mwamba katikati. Levante ndiko kwenye mambo, Poniente kumetulia. Sisi tulikaa upande wa Poniente karibu na mji wa kale, asubuhi tunavuka kwenda kupata jua na kuangalia watu, jioni tunarudi kwetu jua linazama. Vile viskuta vya umeme vya wazee vinapita barabara ya ufukweni kama bajaji, ukizubaa unagongwa kisigino. Usiku wa Ijumaa tukaenda kwa Waingereza kuona, mabinti wamevaa mikanda ya bi harusi, kitchen party isiyo na mashangazi, kwenye jukwaa mwanaume mmoja anaiga waimbaji maarufu na wigi juu, wifi akacheza mpaka viatu vikavuka. Kiingilio bure. Saa sita mimi nikaaga, dakika ishirini niko kitandani.

Chakula tuliteleza siku ya kwanza. Tulitoka saa kumi na mbili jioni na njaa zetu, kila jiko la Kihispania limefungwa, wanaanza saa mbili na nusu usiku huko, tukaishia chipsi. Kesho yake nikajua: mlo mkubwa uwe mchana, uliza menú del día, unapata cha kwanza, cha pili, mkate, kitu tamu, mara nyingi na kinywaji humo humo, kwa euro kumi na kitu. Shoga hali nguruwe na nchi ile nguruwe anaingia hata kwenye dengu. Ukisema "sin cerdo" (bila nguruwe) peke yake haitoshi, malizia na "sin jamón", kuna watu jamón, lile paja la nguruwe lililokaushwa, hawalihesabu kama nguruwe.

Lakini wali wao! Kuna mmoja wanauita arroz a banda, umepikwa kwa supu ya samaki, wanauleta kwenye sufuria pana isiyo na kina. Tukala juu juu kistaarabu. Mhudumu akaja, akaona tumeacha chini, akachukua kijiko, akaanza kukwangua kwa nguvu, krr krr, akatugawia kila mtu kipande cheusi chenye mafuta. Ukoko! Kumbe ndiyo wanaougombania, una na jina lake, socarrat. Dada yangu alinyamaza kabisa. Kwetu mama alikuwa anampa yeye ukoko kwa sababu mkubwa, na mimi nilikuwa nalia.

Jioni pale hotelini wazee wanacheza dansi, wawili wawili, bibi na bibi pia. Bibi mmoja akaishika kanga yangu, akaonesha maandishi, yanasema nini? Imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Nikaweka kwenye simu itafsiri kwa Kihispania, simu ikatoa kitu, bibi akasoma, akanitazama kwa huruma, akanishika mkono tukacheza. Sijui simu ilimwambia nini.

Jumla, ndege na hoteli na kila kitu kwa siku sita, haikufika paundi mia tano kila mtu, ukiondoa viza. Wifi ataongezea ya pasi yake, hiyo siihesabu mimi.

Shemeji ameona picha, sasa mwaka huu naye anataka tuondoke wote, na tayari ameshaanza kutuelekeza hoteli nzuri ni ipi. Nimemwambia sawa shemeji, atume kwanza picha ya pasi. Wiki ya pili sasa hajatuma.