Siku moja maishani mwangu: natembeza wageni Lamu, na leo nimepata mzee wa milango

Hapa kwetu Langoni saa 11 alfajiri huhitaji alamu, adhana ikianza msikiti huu inadakwa na ule, na ukijifanya warudi kulala punda wa jirani atakumalizia. Nikishaswali namsaidia mama kusukuma mahamri, yeye auza hapo barazani, mbaazi za nazi kashaziinjika kitambo. Kazi yangu mimi ni kutembeza wageni. Ndio, mwanamke, na beji ninayo, na hiyo sura mnayoifanya naijua maana nimeshaiona sana, hasa kwa wale vijana wa pale jeti wanaoamini kila mgeni anayeshuka kwenye boti ni wao.

Saa 1 hivi nikiwa na chai mkononi nafungua simu. Wageni wa leo ni familia kutoka Thika, mama na mumewe, vijana wawili wa sekondari, na baba yake huyo mama, mzee wa miaka sabini na kitu. Mama kanitumia orodha usiku saa 5, sehemu kumi na moja jamani, na dakika zake kabisa, ngome dakika 30, makumbusho dakika 40, kahawa dakika 10. Mwisho kaweka Takwa. Sasa Takwa ni magofu, yako ng'ambo kisiwa cha Manda, mji uliohamwa tangu karne ya 17, na njia yake ni mkondo mwembamba katikati ya mikoko, maji yakipwa chombo hakifiki, mtashuka kwenye matope mpaka magotini. Nikampigia nahodha wangu akaniambia leo maji yajaa mpaka kama saa 8, kwa hivyo saa 6 na nusu muwe mmeshaingia mashuani, mkipita hapo shauri yenu. Nikamwambia inshallah. Ile inshallah nilikuwa naimaanisha wallahi.

Saa 2 tukakutana Mkunguni, ule uwanja mbele ya ngome, wazee washakaa na kahawa zao. Ngome huwa naanza nayo kwa sababu ni rahisi, kila mtu aelewa ngome. Walianza kuijenga baada ya vita vya Shela, vile watu wa Lamu walivyowapiga watu wa Pate, kisiwa jirani, na Wamazrui waliokuwa wakitawala Mombasa, kisha wakaogopa kwamba watarudi wakaomba mkono wa Oman, ikamalizika 1821. Vijana wakachangamka nilipowaambia ilikuwa jela, tangu 1910 hadi 1984, wakaanza kupigana picha wameshika nondo. Kawaida yangu hapo narusha kamzaha kisha tunaendelea.

Ila yule mzee hakuwa na habari na jela. Alikuwa kasimama peke yake ndani ya chumba kaangalia juu, midomo inacheza, nikajua anahesabu. Nikamwendea, Mzee kuna nini. Akaniambia, "Hizi miti za juu ni fupi." Nikamwambia ni boriti, za mikoko, zinakatwa huku huku visiwani. Akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hivyo chumba haiwezi kuwa pana kushinda hii mti." Wallahi nilisimama. Maana ndio siri yenyewe ya nyumba zetu, vyumba virefu virefu vyembamba kama korido, upana wa chumba ni urefu wa boriti basi, hiyo ni sentensi ninayoisema kila siku kwa wageni na wanaitikia tu mm-hm. Huyu kaisoma mwenyewe kwenye dari. Kumbe ni seremala, kafanya kazi hiyo miaka 40 na zaidi, binti yake hata hakuniandikia. Alichoniandikia ni kwamba Guka, yaani babu kwa Kikikuyu, ana magoti.

Nilitakiwa nijue hapo hapo kwamba siku imeshaharibika.

Tukatoka tukashika Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani, toka ngome unaenda kaskazini upande wa Mkomani kwenye majumba makubwa ya mawe. Kwa mguu wangu mimi ni dakika kumi. Tulitumia saa nzima na robo. Kila mlango mzee anasimama. Kwanza anautazama kwa mbali kama mtu anayechagua ng'ombe, halafu anasogea, halafu anauliza naweza gusa? Nikawa nabisha hodi kwa wenyewe, wengine ni shangazi zangu kwa njia moja au nyingine, wanachungulia, wanacheka, "mwache ashike, umekaa hapo tangu babu wa babu hautakwisha leo."

Akanionyesha vitu ambavyo miaka sita ya kazi hii sikuwahi kuviona. Nilijua mlango wa Kiswahili una mbao mbili na ule mti wa katikati unaitwa mfaa, na kwamba nakshi za zamani huwa za kujizuia kidogo, halafu baadaye zikaja za maua na majani ya kujaa, nilijua hadithi ya Muhamadi Kijuma, yule bwana wa hapa hapa aliyefariki 1945, alikuwa mshairi na mwandishi wa khati na mchonga mbao yote kwa pamoja, mpaka kuna mtindo wa nakshi unaitwa kwa jina lake. Hayo ndiyo nasema. Mzee yeye akainama chini kabisa, magoti yale yale, akasema "hakuna bawaba." Mlango wenyewe umetolewa ncha juu na chini, zimeingia kwenye matundu ya fremu, unazunguka hapo kama jiwe la kusagia. "Na hii kitu imeshikwa na nini?" Fremu imeshikana kwa ulimi na tundu, mti umeingia kwenye mti. Yale misumari makubwa unayoona usoni, mengi ni urembo. Nikamsikia anasema pole pole kwa Kikikuyu neno sikulielewa, mjukuu wake akanitafsiria, "anasema huyu mtu alikuwa na wakati."

Huku mama mwenye orodha ananionyesha saa.

Tukaruka kidogo. Ile nyumba ya posta ya Wajerumani tuliipita kwa haraka, historia yake tamu lakini vitu ndani vichache, walifungua posta hapa 1888 kwa sababu ya mambo yao na Sultani wa Witu, dola ndogo ya hapo bara, 1891 wakafunga wakaondoka. Hata miaka mitatu haikutimia, ndio hiyo. Nikifika hapo huwa nawaambia wageni kuna punda hapa mtaani ana historia ndefu kuliko hiyo posta, wanacheka, twaenda.

Saa 5 makumbusho ya ufuoni, ile nyumba nyeupe yenye roshani walikokuwa wakikaa wakubwa wa serikali ya Mwingereza. Hapa mimi napenda siwa, zile pembe kubwa za kupuliza, lazima niwe mkweli. Ziko mbili, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba, na hii ya Pate inapita urefu wa mtu, ilikuwa ikipigwa kwenye arusi za wakubwa na mambo ya kitawala, haipigwi ovyo. Huwa nawasimamisha wageni hapo nawaambia nyamazeni kidogo, maana ukikaa kimya mbele ya ile pembe wajua huu mji haukuwa kijiji cha wavuvi kilichobahatika kupata watalii. Vijana walinyamaza, nikafurahi.

Mzee alishatupotea. Tukamkuta kwenye mtepe.

Kwa asiyejua, mtepe ni chombo cha kale cha pwani yetu hii, mbao zake zimeshonwa. Kushonwa kweli, kwa kamba za nazi, msumari hata mmoja hakuna, na tanga lake ni la mkeka. Mzee hakuamini. Akaniambia nisimdanganye, maji yataingia. Nikamweleza matundu yanazibwa, na chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba kinajipinda, hakipasuki kama kile cha misumari. Akaangalia tena mfano ule, akauliza walikuwa wanatoboa na nini, nikamwambia keekee, ile ya kuzungusha kwa upinde na kamba, mafundi wengine bado wanayo. "Wapi?" akasema.

Sasa hapo ningeweza kusema Mzee hakuna wakati. Ilikuwa saa 5 na dakika 50. Nikaangalia simu, nikamwangalia yeye, nikasema Langoni, si mbali.

Fundi mwenyewe namjua tangu mdogo, karakana yake ni chumba kimoja chini ya nyumba, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Ana mlango wa mvule umelalia sakafuni nusu umechongwa, oda ya hoteli, na pembeni vibao vya mwembe vya fremu za vioo. Salamu zikapita, "ndoo uketi mzee wangu," yaani njoo ukae, mzee akaketi kwenye gogo, na hapo mimi kazi yangu ikaisha. Mmoja anaongea Kiamu chetu cha Lamu mwingine Kiswahili cha bara na walielewana kushinda mimi na mume wangu. Mzee akachukua patasi akaipima kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema hii imenolewa vizuri. Fundi akamuuliza huko kwenu mwatumia mti gani, akamtajia meru na podo, fundi akamletea kipande cha mkomafi anuse. Wanaume wawili wazee wamekaa wananusa mbao. Kisha fundi akampa mfuo wa maua aliokuwa ameuchora kwa penseli, akamwambia haya chonga, na mzee akachonga, taratibu, kama inchi mbili hivi, mkono haukutetemeka. Vijana wakarekodi yote. Mama akaacha kuangalia saa, nikamwona anafuta jicho kwa ncha ya leso akajifanya ni vumbi. Baadaye akaniambia baba hajashika kifaa tangu mkewe afariki.

Saa 7 kasorobo nahodha akapiga simu. Sitaandika alichosema.

Kosa ni langu, si la mtu mwingine, mtembezaji ndiye anayeshika saa. Nikamwambia mama ukweli kwamba Takwa leo haipo, maji yatatutupa, na kwamba za nahodha nitamlipa mimi. Akasema tutakula kwanza halafu tutaongea, nami nilipenda hilo jibu. Tukala samaki wa kupaka na wali wa nazi kwa mama mmoja hapo Langoni, juisi ya ukwaju mpaka mzee akaongeza ya tatu.

Saa 9 jua likipungua tukaingia ile nyumba ya makumbusho ya Waswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa irudi vile ilivyokuwa. Kama una nafasi ya kuingia mahali pamoja tu Lamu, ingia hapa, na nenda na mtu aliyelelewa kwenye nyumba za hivi. Kuna daka la mbele la kukaa na mgeni asiyeingia, kuna kiwanda, yaani ua wa wazi, halafu misana, vile vyumba virefu vya mwanzo, halafu ndani, kila hatua sakafu inapanda kidogo, kadiri unavyoingia ndivyo panavyozidi kuwa pa faragha. Ukuta wa ndani wote zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo vya kichina. Chooni kuna birika la maji na wale samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na vijana walikataa kuamini mpaka mmoja akapita. Iko nyumba ya kati pia, chumba cha uzazi na cha kuoshea maiti, hicho huwa nakisema kwa sauti ya chini kwa sababu bibi yangu alioshewa kwenye chumba kama hicho na si habari ya kupigia picha.

Riyadha tulipita nje tu, msikiti wa Habib Swaleh, ilikuwa karibu na Alasiri na watu wanaingia. Niliwaambia waje mwezi wa Mfungo Sita waone Maulidi, mji unajaa watu kutoka kila pwani na pahali pa kulala hupati. Mama akaandika kwenye simu. Orodha nyingine hiyo nikajisemea.

Saa 11 jioni nahodha alishapoa. Tukazunguka na mashua kwenye mkondo mpaka upande wa Shela na kurudi, tanga likashika upepo vizuri, na mzee akawa anapapasa mbao za chombo akihesabu maungio chini kwa chini. Nahodha akaniuliza kwa sauti ndogo, huyu ni mnunuzi? Nikamwambia hapana, ni fundi. Akampa usukani.

Saa 2 usiku niko nyumbani, miguu kwenye beseni, mtoto kashalala kwa mama. Hesabu: nilicholipwa toa cha nahodha cha asubuhi, toa viingilio nilivyotanguliza, toa juisi ya tatu (mama mwenye mkahawa hakukubali bure), kimebaki kidogo. Kaka mmoja mtembezaji mwenzangu kanitumia sauti ananicheka kwamba leo nimefanya sehemu sita kati ya kumi na moja.

Saa 4 ndio ujumbe ukaingia kutoka kwa yule mama. Picha. Mzee kaketi kitandani hotelini na miwani yake, mkononi kile kipande cha mkomafi alichopewa na fundi, na kisu cha kukatia matunda, na mashuka yote yamejaa machicha ya mbao. Chini kaandika: "Ametuaibisha na hoteli. Anauliza fundi anafungua saa ngapi kesho, na anasema Takwa twende sisi."