Bustani ya wafiwa: anzeni na mchicha, mti utafuata

Msiba ukitokea, nyumba hujaa watu. Matanga yakishaanuliwa, turubai likashushwa na masufuria ya kuazima yakarudi kwa wenyewe, mfiwa hubaki na siku ndefu. Hapo ndipo bustani ya pamoja inapofaa. Inampa siku maalumu ya kutoka na kazi ya mikono, bila kulazimishwa kueleza yaliyomkuta. Watu wawili wakipalilia tuta moja, maneno huja yenyewe. Yasipokuja, tuta limepaliliwa.

Wengi hukimbilia kupanda mti wa kumbukumbu. Nia ni njema, lakini mche uliopewa jina la marehemu ukikauka kiangazi, jeraha linatoneshwa upya. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, na mfiwa anahitaji kuona kitu kikiota mapema.

Tuta liwe na upana wa mita 1, mtu afikie katikati bila kukanyaga. Changanyeni samadi iliyooza, ndoo ya lita 20 kwa mita 2 za mraba; samadi mbichi huunguza mizizi. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganyeni na mchanga mkavu, mzisie kwa mistari iliyoachana sentimita 20, kina kisizidi sentimita 1. Tandazeni nyasi juu, mziondoe mara miche inapochomoza, la sivyo itarefuka na kulala. Maji yakizidi, shina huoza pale linapogusa udongo.

Msigawane vitalu, kila mtu na chake. Mfiwa ana wiki ambazo kuamka tu ni kazi. Akikosa wiki 2, akarudi na kukuta magugu kwenye kitalu chenye jina lake, ataona aibu na hatarudi tena. Matuta yawe ya wote, na zamu za kumwagilia wapangwe wawiliwawili, mmoja akilemewa mwenzake yupo. Asiyefika apelekewe fungu lake la mboga nyumbani, na anayelipeleka asimuulize kwa nini hakuja.

Mjane wa Kiislamu aliye edani, yaani anayekaa nyumbani baada ya kufiwa na mume kwa miezi 4 na siku 10 (mjamzito, hadi ajifungue), msimsubiri amalize. Mpelekeeni bustani ya gunia. Chukueni gunia la kilo 90, katikati simamisheni kopo kubwa lililotolewa kitako, lijazeni kokoto, kisha zungushieni udongo uliochanganywa na samadi, mafungu 2 kwa 1. Mkifika usawa wa kopo, livuteni juu mwendelee. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Bila hiyo miche ya juu hustawi na ya chini hukauka. Toboeni ubavuni mwa gunia matundu ya kupenya kidole, yapishane, mpande sukuma wiki. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kusaidia kumwagilia.

Bustani haitibu kila kitu. Asiyelala, asiyekula, au anayesema afadhali naye afe, asiachwe peke yake. Msindikizeni siku hiyohiyo kituo cha afya.

Mgao uamuliwe kabla ya mavuno ya kwanza: kiasi gani cha kula, kiasi gani cha kuuza, na nani anashika daftari. Pesa ya mboga ni ndogo, lakini isipoandikwa huvunja kikundi upesi kuliko ukame. Daftari lishikwe na wawili, hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi.