Chupa Niliyoipeleka Moshi

Nilikwenda Moshi harusini, na kutoka Tanga hadi huko sina la kusimulia ila bei. Nauli imepanda, chipsi nilizonunua Mombo zililala, na kiti changu hakikulala hata kidogo. Hayo yote ningeyasahau. Kinachonifanya niandike ni chupa.

Niliiokota ufukweni siku ya bamvua, maji yalipokupwa sana. Ilikuwa imekaa baharini muda mrefu, maana mirija myeupe ya chokaa, myembamba kama njiti za kiberiti, ilikuwa imesokotana juu yake hata kioo hakionekani. Minyoo walioijenga walishakufa. Niliisuuza, nikaianika siku tatu bandani harufu iishe. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu Moshi, anasoma baiolojia na hajawahi kuitia macho bahari. Nilimwahidi nitamletea nyumba za minyoo.

Niliiviringisha kwenye khanga mbili kuukuu, nikaitia kwenye boksi la sabuni. Stendi ya Moshi, kijana mmoja mwenye kitabu cha risiti akanidai 5,000 ya boksi. Nikamwambia mzigo nimeulipia Tanga. Akasema ya Tanga ni ya Tanga. Nikatoa risiti, hakuitazama. Tukavutana hivyo, abiria wengine wakinipita na magunia yao, na mimi nikishikilia kwamba siwezi kulipia kitu kimoja mara mbili. Mwenzake aliyekuwa buti la basi akachoka kusubiri, akalisukuma boksi kwa mguu. Lilianguka kwenye zege. Sauti niliyoisikia iliniingia tumboni. Nililipa ile 5,000 nipate kuondoka, na bodaboda naye akanitoza 4,000 kwa mwendo wa dakika chache hadi Majengo. Mpaka leo fedha haziniumi kama ule mguu.

Kwa dada tulifungua boksi barazani. Chupa ilikuwa nzima, lakini ganda la mirija lilikuwa limebanduka vipande vitatu. Mpwa wangu akanyamaza. Jirani yao, mzee aliyekuwa fundi mwashi maisha yake yote, alikuwa amekuja kunijulia hali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake yakiwa tayari kwenye kile kipande kikubwa. Akakichukua, akakielekeza kwenye mwanga pale palipovunjika.

"Kazi ya nani hii?"

"Minyoo, mzee. Wa baharini."

Akapitisha ukucha kwenye tundu moja baada ya jingine. Ndani mirija ni laini kama kikombe cha kaure, nje ina mikunjo. "Na saidia fundi wao nani?"

Nimefundisha baiolojia miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko hilo. Nikamweleza kwamba hawana. Mnyoo huyu ana ukosi chini ya kichwa, kama ukosi wa shati. Tezi zilizo chini ya ukosi hutoa chokaa, na ukosi wenyewe huikunja juu ya mdomo wa mrija, pete juu ya pete, kila anavyokua. Ukosi ndio mwiko wake. Juu ana shada la manyoya, ndilo analonasia chakula na kuvutia hewa, na unyoya mmoja umegeuka kifuniko. Kivuli kikipita, huzama ndani na kufunga mlango.

"Bahari yote ile, mbona wamebanana?"

Nikamwambia watoto wao huelea kwanza kwenye maji. Wakifika wakati wa kutua, wengi huvutwa na dalili za wenzao waliotangulia, nao hushika pale pale, hata juu ya mirija ya marehemu. Mayai na mbegu humwagwa majini, kwa hiyo anayejenga mbali na wenzake hana wa kuzaa naye. Ndivyo mwamba unavyoinuka.

Nikamtajia na ndugu zao wasiotumia chokaa, wajengao kwa mchanga. Ufaransa, katika ghuba ya Mont-Saint-Michel, wamejenga miamba mikubwa yenye matundu kama masega ya nyuki. Kila mmoja hudaka punje, huipima mdomoni, huipaka gundi na kuibandika. Pwani ya California wako wengine ambao gundi yao hushika ndani ya maji kwa takribani nusu dakika, na watafiti wanaiiga wapate gundi ya kuunga mifupa iliyovunjika. Hapo mzee alikiweka kipande chini.

"Mchanga ukiacha kuja?"

"Mwamba unakufa, mzee."

Akatikisa kichwa, akaanza kusimulia mfongo wa ukoo wao huko juu Kibosho, mfereji uliochimbwa na watu ambao hata majina yao hayakumbukwi, na jinsi kila nyumba ilivyotoa mtu wa kuusafisha. Alisema mengi juu ya mfongo ule. Mtori ukapoa.

Usiku sikulala, baridi pia ilichangia. Nilimkumbuka baba, fundi wa majahazi, tukikwangua mirija hii hii kwenye mkuku kabla ya kupaka deheni, ambayo nayo ni shahamu na chokaa. Tuliiita uchafu wa chombo. Nilisoma baadaye kwamba katika Loch Creran, mkono wa bahari huko Uskoti, minyoo wa aina hii wamejenga vichaka vyao chini ya maji, na kwamba nanga na minyororo ya vyombo imevivunja sehemu nyingine. Nilipokisoma kisa hicho hakikunigusa. Pale Majengo kilinigusa, kwa sababu ya boksi.

Siku mbili zilizofuata ni za harusi, na harusi zote mnazijua. Kipande kidogo nilimwachia mzee, alitaka kuwaonyesha mafundi wenzake. Vilivyobaki viko dirishani kwa mpwa wangu.

Bamvua iliyofuata nilishuka pwani alfajiri pamoja na wavua pweza na michokoo yao. Wao wakaenda mbele. Mimi nilichuchumaa kwenye kidimbwi kilichobaki mwambani. Kivuli changu kilipoangukia maji, milango yote ikafungwa kwa mpigo mmoja. Nikasogea pembeni na kutulia, hadi unyoya wa kwanza ukachungulia, mwekundu, kisha wa pili.